Rafiki Yangu Mvuke

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtaalamu. Ilikuwa saa kumi na robo alasiri. Asubuhi nilikuwa mpiga pasi tu.

Ilivyotokea: Shangazi kanituma maktaba kurudisha mapazia yao, kumi na mawili, yamefuliwa na kunyooshwa, mazito kama mifuko ya saruji. Nikamkuta Mkutubi amesimama juu ya kiti anabandika tangazo. Jumamosi ya tarehe 15 kutakuwa na Saa ya Kusikiliza kwa vijana wa miaka kumi na minane hadi thelathini. Zitapigwa nyimbo kumi zilizoimbwa na waimbaji wa kompyuta. Anatafuta mtu wa kuzichagua na kuzieleza. Akasema anafikiria kumwomba Fundi Simu.

Fundi Simu! Yule mwenye kibanda mkabala na duka letu, aliyetangaza mwezi jana mbele ya wateja wanne kwamba simu yangu imekufa kwa uzembe wa mwenyewe. (Niliifua. Ilikuwa mfukoni. Inaweza kumpata yeyote, hasa dobi.)

Nikamwambia Mkutubi asihangaike. Nikasema mambo hayo nayajua nje ndani. Akashuka kwenye kiti. Akauliza napendelea programu ipi. Nikasema zote. Akauliza kilichonivuta mwanzoni ni nini. Nikasema sauti. Akaandika jina langu kwenye daftari kwa wino. Kwa wino!

Nimerudi dukani kutafuta mtu wa kunieleza waimbaji wa kompyuta ni kitu gani. Hapakuwa na mtu ila Shangazi mwenyewe, mwenye duka, miaka hamsini na minane. Zamani alikuwa akiimba kwenye sherehe za watu, mpaka alipopasuliwa koo miaka sita iliyopita. Tangu hapo huongea kwa kunong'ona, na wateja wapya hudhani anawapa siri. Mimi huniita kwa kengele.

Akaninong'oneza huku tukikunja shuka, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Ni programu. Unaandika tuni, unaandika maneno silabi kwa silabi, unachagua sauti, kompyuta inaimba. Mwimbaji anayependwa kuliko wote vijana wamempa jina la Binti Waya. Hana koo, hana mapafu, hachoki.

Nimeshangaa alivyojua. Kweli redio siku hizi inafundisha kila kitu.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima nasikiliza kwa simu ya dukani. Sikutegemea. Nyimbo nzuri!

"Lifti Imekwama": msichana anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kwanza, lifti inagoma katikati, anawaimbia sifa zake watu wawili asiowajua. Nilisahau pasi juu ya suruali ya mwalimu wa hesabu. Mfuko wa nyuma umepata alama ya pembetatu. Pembetatu safi, lazima niseme.

"Chumba cha Kupanga": kijana kahamia peke yake mara ya kwanza, anagundua kwamba zile kelele za nyumbani alizokuwa akizilalamikia ndizo zilizokuwa zikimbembeleza. Nimempigia mama simu. Ameuliza kama nimefukuzwa kazi.

"Mjomba Anauliza Nitaoa Lini": ya haraka haraka. Inafaa kwa kupiga pasi mikono ya mashati.

"Nukta Tatu": mtu anaangalia simu, anaona mwenzake anaandika, anaandika, kisha haandiki tena. Imeniuma pabaya. Lakini Shangazi alipopita na kapu la soksi alikunja uso. Akasema hiyo haina pumzi. Mtunzi kasahau kwamba hata kompyuta ukiiimbisha lazima uiachie mahali pa kuvuta pumzi, la sivyo msikilizaji ndiye anakosa hewa.

Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari. Juu yake nimeandika: Maoni Yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu, isipokuwa mwishoni.

Nimepeleka orodha yangu maktaba. Nyimbo tisa. Fundi Simu alikuwepo, amekaa juu ya meza kama ya baba yake. Akapitia orodha kidole kwa kidole. Akaniuliza "Nukta Tatu" nimeionaje. Nikaangalia dari kidogo. Nikasema, haina pumzi. Nikamaliza na habari ya msikilizaji kukosa hewa. Fundi Simu akatoa kalamu sikioni, akaandika! Maneno yangu! (Ya Shangazi, lakini nilimsaidia kukunja shuka.)

Ndipo akasema orodha yangu haina Mvuke, na orodha isiyo na Mvuke ni karatasi ya kufungia vitumbua. Nikauliza Mvuke yupi, kana kwamba nawajua kadhaa. Akasema ni mtunzi anayemwimbisha Binti Waya kuliko yeyote. Ana nyimbo saba tu. Hajulikani ni nani, yuko wapi, ni mwanamume au mwanamke. Watu wanamtafuta mwaka wa tatu sasa.

Ningenyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Nikasema Mvuke ni rafiki yangu, tunaandikiana.

Mkutubi akavua miwani. Fundi Simu akashuka mezani. Mkutubi akauliza kama Mvuke anaweza kutuma ujumbe usomwe Jumamosi ya Saa ya Kusikiliza. Nikasema atafurahi sana, ndivyo alivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsikiliza rafiki yangu kwa mara ya kwanza. Wimbo unaitwa "Doa". Binti Waya anaimba taratibu, kama mtu anayeongea na nguo iliyoko mikononi:

Doa la chai nalitoa kwa maji ya moto,
doa la wino kwa ndimu na chumvi,
ila ulivyoniaga ukitazama saa,
hilo nafua, nafua, bado liko kwenye kola.

Nimeusikiliza mara kumi na moja. Shangazi akaniuliza nalia nini. Nikasema wanga wa mashati umeniingia machoni.

Nimemweleza habari za Mvuke. Nikaona bora nianze mazoezi. Nimesema ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mpweke, anaishi nchi ya baridi ambako mtu akipumua unatoka mvuke, ndiyo maana ya jina. Shangazi alisikiliza vizuri sana. Kaniuliza kama huyo kijana anakula. Nikasema anakula kama ndege. Shangazi akatazama sahani yake ya wali, akanong'ona kwamba hilo hakulijua. Kisha akashikwa na kikohozi, ikabidi aende nyuma. Kifua chake kinanitia wasiwasi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika barua ya Mvuke. Nimejitahidi. "Wapenzi wasikilizaji, mimi ni kijana mpweke mwenye nywele zinazoniangukia machoni. Natazama theluji dirishani na kuulizana na moyo wangu." Ukurasa mzima hivyo.

Nimempa Shangazi akague herufi. Amekagua kwa ile chaki nyekundu ya kuwekea alama madoa. Kakata nywele. Kakata theluji. Kwenye "kuulizana na moyo" kaweka alama ya doa gumu. Akasema mtunzi wa "Doa" asingesema hivi, angesema anachokiona mikononi mwake basi.

Nimemwambia kwa upole kwamba, kwa heshima zote, anayemjua Mvuke ni mimi.

Akasema ni kweli, nimsamehe. Barua nimeiacha na nywele zake, na kesho asubuhi naipeleka maktaba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Saa nane mchana tiketi za nguo zilikwisha. Nikaenda chumba cha nyuma kuchapa nyingine kwenye kompyuta ya duka. Shangazi alikuwa amekaa pale, kanipa mgongo, miwani puani. Kwenye kioo vijistari vya rangi, virefu na vifupi, chini yake silabi: pa, si, i, me, po, a. Akabonyeza. Binti Waya akaimba. Akasimamisha, akavuta kistari kimoja nyuma kidogo, akabonyeza tena. Safari hii, kabla ya "imepoa", ikasikika pumzi.

Juu ya kioo, kwa herufi ndogo: Mvuke, wimbo wa nane.

Niliangusha boksi la henga za kutundikia nguo. Akageuka. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akimngoja mgeni mzito wa kutembea.

Alinieleza yote, kituo kwa kituo, maana koo lilikuwa linachoka. Baada ya kupasuliwa alikaa miezi minne hataki hata redio. Halafu mteja mmoja akamwonyesha ile programu. Akaanza kuijaribu duka likifungwa. "Koo limekwenda," akasema, "nyimbo hazikwenda nalo. Zilikuwa zimejaa humu, zinanisumbua."

Nikamuuliza mbona aliniacha niongee vile kuhusu kijana wa theluji. Akasema nilikuwa nasema maneno matamu sana, hakutaka kunikatisha.

Nilichohisi kwanza ni furaha. Sikuwa mwongo! Mvuke kweli namjua! Tunakula pamoja! Kilichotokea ni kwamba ukweli ulichelewa siku nne.

Ndipo Shangazi akapangusa miwani yake muda mrefu. Akasema angependa kuja Jumamosi. Kwa jina lake. Akasema miaka sita hakuna aliyemwita popote kwa habari ya muziki.

Nikasema nitaangalia ratiba. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya, na nimeitengeneza mwenyewe.

Mkutubi amebandika tangazo jipya mlangoni: Ujumbe Maalumu Kutoka kwa Mvuke, Kijana wa Nchi ya Theluji. Kaweka picha ya dirisha lenye ukungu. Watu wanasimama kusoma. Fundi Simu kaniamkia wa kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Nikaona basi, mambo yamekaa vizuri, kwa nini kuyavuruga. Nikamwambia Shangazi kwamba vijana wamekwisha kumzoea Mvuke wao. Nikamwambia viti vya maktaba ni vigumu. Nikamwambia tangazo linasema mwisho miaka thelathini. Nikamwambia anaweza kuja kukaa nyuma kama mteja wa kawaida, asikie watu wanavyomsifu, itakuwa vilevile.

Akasema, "Sawa."

Nimekwisha kusikia sawa nyingi duniani. Hii ilikuwa na mlango, na mlango ukafungwa.

Hajapiga kengele mchana kutwa. Akinihitaji anakuja mwenyewe mpaka mezani kwangu, anagusa meza kwa kidole, anasubiri. Kapiga pasi mashati arobaini peke yake. Mazuri yote. Na kompyuta ya nyuma ameifunika kwa taulo.

Jioni Fundi Simu kavuka barabara. Anaamini, akasema, ila ana swali moja la kuhakikisha. Kwenye "Doa", ile "nafua" ya pili imekatwa katikati. Kila mtu anabishana kwa nini. Mvuke aseme. Nimemuuliza Shangazi. Akanijibu bila kuinua macho kwamba nikamuulize rafiki yangu, yule mwenye nywele.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebuni mpango. Ukifikiria bila hasira, ulikuwa mpango mzuri.

Ili Fundi Simu asiulize tena, nitarekodi sauti ya Mvuke mwenyewe, inatoka mbali, ina mwangwi wa theluji. Mwangwi hapa upo sehemu moja tu: ndani ya mashine kubwa ya kukaushia. Nimeizima kwanza na kuchomoa waya, mimi si mjinga kiasi hicho. Nikaingia miguu ikinigusa kidevu, nikavuta mlango, nikaanza kwa sauti nzito: mimi ni Mvuke, nawasalimu kutoka kwenye baridi.

Sikujua kwamba mwalimu wa hesabu amefika kuchukua suruali yake.

Ameisikia mashine ikimsalimu. Ameshika kengele ya Shangazi akaipiga kama nyumba inaungua. Watu wakaingia. Fundi Simu akaja na bisibisi. Nikataka kutoka, mlango ukakataa. Hufunguka kwa nje tu. Nikatulia. Nikatumaini watachoka waondoke.

Aliyefungua ni Shangazi. Kwanza aliwatoa watu wote nje, akasema ni mkanda wa mashine unalia. Mwalimu alipewa suruali yake na pole nyingi. Halafu akarudi, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mashine. Mimi nimo ndani nimejikunja kama shuka.

"Umekauka?" akauliza.

Nilimwona kwa karibu. Alikuwa na chaki nyekundu kwenye kidole na amechoka. Ameniokoa na aibu wakati mimi ndiye niliyeificha sura yake, na hata hakunikaripia.

"Shangazi, njoo kesho," nikasema.

"Nije kama nani?"

"Kama Mvuke."

"Na yule kijana?"

"Amefariki."

"Maskini," akasema Shangazi. "Alikuwa hali vizuri."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha hewa tupu kisicho na sauti, mabega yanaruka. Nami nikacheka mpaka mashine nzima ikatikisika. Imechukua dakika kumi kunitoa. Goti la kushoto bado halijanyooka.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimempigia pasi gauni lake la buluu. Saa nzima. Sijawahi kunyoosha kitu kama kile. Hata upindo wa ndani, ambao hakuna atakayeuona.

Maktaba ilijaa. Vijana thelathini na wawili, wengine wamekaa sakafuni baina ya rafu. Mapazia yetu yamefungwa. Nikapiga nyimbo zangu tisa. Kwenye "Lifti Imekwama" watu walicheka. Kwenye "Chumba cha Kupanga" dada mmoja wa mbele alijipangusa machozi. "Doa" ikawa ya kumi. Ilipokwisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukohoa.

Ndipo nikasimama kukiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikatoka hivi: hakuna kijana, hakuna theluji, barua niliandika mimi, nywele ni zangu, Mvuke ni shangazi yangu, yule pale aliyevaa buluu, ambaye nilimwambia viti ni vigumu.

Vikazuka vicheko, ila si vibaya. Mkutubi akasema kwa upole kwamba barua aliitilia shaka tangu siku ya kwanza, kwa sababu mgongoni ilikuwa na tiketi ya mashati sita na blanketi. Nikamuuliza mbona aliliweka tangazo. Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Kuhusu miaka thelathini, akasema umri ni wa wasikilizaji. Watunzi hawana umri.

Fundi Simu hakucheka. Alikuwa amesimama. Akamwendea Shangazi, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza swali lake la "nafua" iliyokatwa katikati.

Shangazi akajibu kwa mnong'ono. Chumba kizima kiliinama mbele, kama nyasi. Alisema wimbo ule aliuanza kabla hajapasuliwa. Siku moja akiujaribu, sauti ilikatika palepale, na-fua, ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuimba. Binti Waya angeweza kulimaliza neno bila taabu. Akaona si haki. Akamwambia akatike naye.

Fundi Simu akageukia dirishani. Alikuwa na simu ya mteja mkononi, akaipangusa kioo chake, akaipangusa, mpaka ikang'aa.

Baada ya hapo walimzunguka. Dada wa mbele akauliza kama anafundisha. Shangazi akaniangalia mimi kwanza, kisha akasema Jumatano alasiri, dukani, kila mtu aje na wimbo wake na asije na nguo zake za kufua. Kumi na moja wamejiandikisha. Fundi Simu wa kwanza.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya duka Shangazi akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, zile tisa ulizichagua vizuri." Basi. Nimejisikia kama nguo iliyotoka kwenye kamba, ya joto na nyepesi.

Jumatano, 19 Machi

Darasa la kwanza. Wamekaa juu ya makapu. Shangazi anawaonyesha wapi Binti Waya avute pumzi, na kengele imerudi: akiipiga mara moja, rudia, mara mbili, umepata. Kicheko kingi. Nimebeba viti, nimechemsha chai, nimepiga pasi mashati yote pembeni, sikuunguza hata moja. Mwalimu wa hesabu kapita, kaitazama mashine ya kukaushia, kavuka upande wa pili wa barabara.

Nimefurahi kuona watu wema wakifaidi. Pia nimejifunza jambo kubwa kuhusu ukweli, nitaliandika vizuri nikipata nafasi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetunga wimbo! Sekunde arobaini na mbili. Unaitwa "Mikono Mirefu". Shangazi ameusikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akaenda kuhesabu soksi. Fundi Simu amesema Binti Waya anasikika kama mbuzi aliyekwama kwenye bomba. Wivu.

Ubao wa maktaba sasa una sehemu ya wasikilizaji kupendekeza nyimbo. Si vizuri mtu kujipendekeza mwenyewe, watu wataonaje. Kwa hiyo nimepeleka mapendekezo matatu, kila moja kwa mwandiko wake. La kwanza ni la nahodha mstaafu. La pili ni la daktari wa meno, anayesema huupiga wimbo huu wakati wa kung'oa na wagonjwa hawahisi kitu. La tatu ni la mama wa mapacha anayeishi mbali, ambaye "Mikono Mirefu" ilimfikia wakati mgumu ikamrudishia tabasamu.

Hilo la tatu nimelisoma tena sasa hivi. Limenigusa sana. Mwanamke wa watu, na mapacha wake, na amepata muda wa kuniandikia.

Kesho nitamjibu.